Visima Saba Uani Kwangu

Minza mwanangu,

Umeme umekatika tangu saa saba mchana, mashine ya kudurufu imenyamaza, na wateja wangu wamekwenda kutafuta steshenari yenye jenereta. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimeketi dukani bila mtu kuniambia, "Mama Minza, nipigie kopi mbili za cheti, lakini ya pili usiioneshe ile alama ya hesabu." Kwa hiyo naandika, na kijana wa bodaboda atakuletea barua hii jioni. Wewe uko Ushirombo kwa shangazi yako, ulale karibu na stendi usije ukakosa basi la Dodoma. Habari za blanketi, dawa ya malaria na wanaume wanaojifanya wajomba zako ndani ya basi nimemwachia yeye. Ana sauti ya kutosha na atazirudia mara tatu.

Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha karibu mwaka mzima kwa sababu linanishushia heshima. Unajua ninavyoipenda heshima yangu.

Siku tuliyokufanyia sherehe ulisimama mbele ya watu ukasema umepata kazi hii kwa sababu ya mama yako. Ukawaeleza kuwa kwenye usaili waliuliza kwa nini unataka kufanya kazi kwenye ofisi inayoweka wazi taarifa za serikali, nawe ukawasimulia habari ya mama yako aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji na orodha ya visima mkononi, akamuumbua mtunza pampu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama, nikajifanya naokota kizibo cha soda. Ulidhani nalia kwa furaha. Mwanangu, nilikuwa najificha.

Ngoja nianze kwa kujitetea, maana ndivyo nilivyozoea.

Wewe umekulia wakati ambao mtu anaweza kuuliza kitu kwa simu na kujibiwa. Mimi nimeanza kupigana na ofisi ukiwa mgongoni. Ukitaka kujua tu kama kijiji chako kimo kwenye mpango wa mwaka huu, unaambiwa njoo kesho. Kesho, mhusika yuko semina. Keshokutwa, mhusika karudi ila faili liko kwa bwana mkubwa. Wiki ijayo faili limerudi, mhusika kahamishwa. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja siku nne mfululizo, mpaka mfagizi akaanza kunisalimia kama mtumishi mwenzake na kuniuliza kama nimeshapata posho ya likizo. Dhahabu inayotoka chini ya miguu yetu huku Geita wanaijua hadi gramu, mwanangu, lakini uliza kijiji chetu kina visima vingapi uone watu wanavyotazama dari!

Sasa elewa nilivyojisikia siku ile uliporudi likizo kutoka chuo, ukakaa hapa kaunta ukala michembe yangu yote, vile viazi vitamu vya kukausha, ukasema, "Mama, mbona orodha ya visima vya nchi nzima iko kwenye tovuti? Hata huombi ruhusa." Nikakwambia acha utani. Ukanionesha. Kijiji chetu hiki hapa! Jina letu limeandikwa vizuri, mkoa tu ndio umekosewa: walituweka Shinyanga, wakati tulishahamishiwa Geita bila hata kusogeza kitanda. Nilisema nitawaandikia barua kali juu ya hilo, na niliwaandikia. Lakini moyoni nilikuwa nacheza. Nilichapa kurasa zote zinazohusu wilaya, wino ukaisha, nikanunua mwingine.

Na usidhani ilikuwa bure. Hili nataka ulishike, kwa sababu huko uendako utakutana na watu watakaokwambia wananchi hawana haja na majedwali. Waambie habari ya zahanati yetu. Orodha ya watumishi, nayo ya tovuti ileile, ilisema tuna wauguzi wawili. Sisi tulikuwa tunamjua mmoja, yule anayelala akiwa amesimama. Nikaenda na karatasi yangu kumuuliza mganga, "Huyu wa pili anatibu watu gani? Mizimu?" Ndani ya wiki mbili akapatikana mjini, amekaa kwenye dawati, kazi yake kupokea barua. Akaletwa na begi lake, amenuna. Leo ndiye aliyemzalisha mke wa mwenye duka jirani. Karatasi ilifanya hivyo, Minza. Benchi la siku nne halikuwahi kumleta hata paka.

Ila ushindi ule ulinilevya. Nikawa natembea na ile orodha kijijini kama polisi na pingu. Mtu akisema jambo lolote namkatiza: "Lete karatasi!" Harusini mshenga alisema mahari imeshakamilika, nikamwambia alete karatasi. Baba yako alipiga simu kutoka machimboni kusema amepata malaria, na mimi nikamwambia, Mungu anisamehe, atume picha ya cheti cha maabara.

Ndipo nikaufikia mstari wa kisima cha Mlimani. Uliandikwa hivi: pampu ya mkono, inafanya kazi, maji yanatosha mwaka mzima.

Wewe unapajua Mlimani. Kina mama wa kule wanachota kwenye shimo bondeni, wanagombea na ng'ombe. Na kila mtu alijua kuwa kichwa cha pampu, ile sehemu ya juu yenye mkono, kiko nyumbani kwa Mzee Shija, fundi baiskeli, aliyekuwa mtunza pampu tangu kisima kilipochimbwa. Nikajumlisha moja na moja nikapata kumi na saba. Nikasema: huyu mzee kaing'oa pampu, kaipeleka kwake, kisha kawadanganya wakubwa kuwa inafanya kazi ili wasije kukagua.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Nilivaa gauni la Pasaka. Ilipofika zamu ya maswali nikasimama.

"Mzee Shija, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Serikali imeandika pampu ya Mlimani inafanya kazi. Wewe unatuambia imekufa. Sasa sisi tumwamini nani?"

"Mama Minza, imekufa. Mpira wa ndani ulikatika, bomba likaoza. Kichwa nimekifunga kwenye gunia nyumbani, wanunuzi wa chuma chakavu wasikibebe. Twende sasa hivi nikuoneshe."

"Sina haja ya kwenda. Ninayo hapa!" Nikapunga karatasi.

Mama mmoja wa Mlimani akanyanyua ndoo yake tupu akasema, "Basi Mama Minza, iinamishe hiyo karatasi, mimi nikinge."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza kwa kiatu. Ningekuwa na akili ningecheka nao nikakaa. Lakini mimi mtu akinicheka ndio naongeza sauti. Nikasema maneno mawili ambayo sikukusimulia kwenye simu. Nilisema, "Mwizi mkubwa." Kwa mzee aliyeniziba pancha za baiskeli tangu nikiwa shule ya msingi.

Mzee Shija alitoa spana ya pampu mfukoni, akaiweka mezani mbele ya mtendaji, akasema, "Mtafuteni mwingine," akaondoka na kofia yake mkononi. Tangu siku hiyo nikimwamkia ananiitikia, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Lakini zamani alikuwa akisema, "Marahaba mwanangu, mmelalaje?" Baada ya mkutano ule ikawa "Marahaba." Neno moja. Unaweza kudhani ni jambo dogo. Jaribu kulipokea kila asubuhi.

Nami, badala ya kustuka, nikaona kazi haijaisha. Nilitaka jina. Nani hasa aliyewaambia pampu inafanya kazi? Orodha ya kwenye tovuti haioneshi majina ya waliotoa taarifa. Nikapanda bodaboda mpaka wilayani, kwenye ofisi ya maji, nikamkuta dada mmoja mpole, mwenye macho ya mtu aliyeshatukanwa mara nyingi asubuhi hiyo.

"Mama, jina la mtoa taarifa siwezi kukutajia. Utaratibu hauruhusu."

"Ndiyo uwazi huo? Mnafungua mlango halafu mnasimama katikati?"

"Mama, huyo ni mtu binafsi. Akitajwa, si utamfuata nyumbani kwake?"

"Nitamfuata hata akiwa kaburini!"

Akapumua. Akasema jina hawezi, lakini anaweza kunionesha kifaa cha mtu aliyehesabu visima kilikuwa wapi kila alipojaza taarifa za kisima, kwa sababu hilo liko wazi kwa watu wote, ila mimi sikuwa nimelichapa; nilidhani zile namba ndefu za pembeni ni mapambo. Akaziweka kwenye ramani ya kompyuta. Visima vyote saba vya kijiji chetu vikajitokeza kama nukta nyekundu, vimebanana mahali pamoja kama kuku wanaogombea mtama.

"Hapa ni wapi, mama?"

Nikaangalia. Bati la bluu. Mpapai. Tangi la maji ya mvua. Kibanda cha mbuzi. Niliweza hata kuiona ile kona ya uzio tuliyoiziba kwa mlango wa friji bovu.

"Ni kwangu," nikasema.

"Visima vyote saba?"

"Kimoja kiko chooni," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Yule dada hakucheka. Alikwenda kufunga dirisha, akakaa kule dirishani kwa muda mrefu amenipa mgongo, mabega yanatikisika.

Hapo ndipo kila kitu kikanirudia. Miaka mitatu kabla, wewe ukiwa shule ya bweni, alipita bwana mmoja wa makamo mwenye kishikwambi na buti mpya. Alisema anahesabu visima. Ilikuwa karibu na saa ya kula. Sasa wewe niambie, ni nyumba gani huku kwetu itamwacha mgeni apite uani saa ya kula, amevaa buti, ana kazi ya serikali, halafu aende zake na njaa? Ningeonekana mtu wa wapi? Nikamkalisha. Nikamletea michembe na karanga wakati jogoo akikimbizwa. Jogoo yule alikimbia sana. Alipoiva, mvua ikaanza. Yule bwana alikuwa ananyanyuka, namwambia kaa. Ananyanyuka, naongeza ugali. Maskini, alijaribu. Nakumbuka alisema mara tatu, "Mama, inabidi nifike visimani." Nami nikamjibu, "Visima vina miguu? Utavikuta. Niulize mimi, kijiji hiki nakijua chote."

Akaniuliza. Na mimi, mama yako, msomaji wa magazeti yote, nikamjibu visima saba bila kunyanyuka kwenye kiti. Hiki kinatoa, kile kinatoa. Cha Mlimani? "Kinatoa vizuri tu, maji mwaka mzima." Minza, nilikuwa sijakanyaga Mlimani kwa zaidi ya miaka miwili. Mimi nina tangi. Lakini kijiji cha jirani kilikuwa kimeanza kujisifu kwa bomba lao jipya, na sikutaka mgeni aondoke kwangu akidhani sisi ni watu wa shida. Akajaza, akashukuru, "Wabeja sana mama," mvua ikakatika, akaenda zake akiwa ameshiba. Na kilichotoka kwenye mdomo wangu kikapanda mpaka Dodoma, kikapigwa pasi, kikavaa suti, kikarudi kwangu kupitia simu yako kikiitwa taarifa ya serikali. Nami nikakiamini, kwa sababu kilizungumza kwa uhakika kama mimi.

Kuna jingine, na hili halichekeshi. Nilimuuliza yule dada, basi mtaitengeneza lini? Akaniambia orodha ya matengenezo inatolewa kwenye orodha ileile. Pampu iliyoandikwa inafanya kazi haiingii kwenye foleni ya mafundi. Kwa hiyo mwaka ule, na kila mwaka uliofuata mpaka huu, kina mama wa Mlimani wamechota na ng'ombe kwa sababu mimi nilikuwa na jogoo na majivuno siku moja. Hakuna aliyeiba kitu. Hakuna hata aliyeficha kitu. Yote yalikuwa wazi kabisa, na ya uongo.

Fomu ya kurekebisha ipo. Ni ukurasa mmoja. Inataka sahihi ya mtunza pampu wa kijiji.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa kimya. Kijiji hakina mtunza pampu. Hakuna aliyetaka ile spana, watu walisema nani atakubali kuitwa mwizi na Mama Minza? Iko mpaka leo kwenye droo ya mtendaji. Nilirudi nyumbani na fomu, nikaiweka chini ya mashine ya kudurufu, nikajiambia nitaangalia. Ikafika Krismasi. Ikafika Pasaka. Nikawa nawaandikia magazeti barua kuhusu uzembe wa mamlaka.

Mwezi uliopita, baada ya ile sherehe yako na kile kizibo cha soda, nikaenda kwa Mzee Shija. Nilimkuta uani anakaza spoku. Mama Shija akanipa kigoda, akakaa karibu kabisa ili asikose neno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi. Ile habari ya pampu niliitoa mimi mwenyewe."

Akaendelea kuzungusha gurudumu. Mama Shija ndiye aliyejibu: "Wewe? Uliyesema una karatasi?"

"Ndiyo mama. Karatasi ilitoka kwangu."

"Baba Shija," mkewe akasema, "nilikwambia huyu tangu mtoto alikuwa anajibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza."

Mzee akaweka gurudumu chini. "Mama Minza, fomu nitaisaini. Maji si ya kwangu. Lakini nikuulize. Ulinitukana wapi?"

"Mkutanoni."

"Na radhi unaniomba wapi?"

Nikatazama. Tulikuwa karibu na jiko, kuna sufuria la maharage na kuku wawili.

"Hawa kuku hawakunisikia nikiitwa mwizi," akasema.

Nilijaribu ujanja, sitakuficha. Nikamwambia taarifa ikishasahihishwa kwenye tovuti, dunia nzima itaona kuwa pampu ilikuwa mbovu, kwa hiyo jina lake litakuwa limesafishwa. Akaniuliza kama jina lake limo kwenye hiyo tovuti. Nikasema hapana. Akaniuliza sasa litasafishwaje mahali ambapo halimo.

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile, na kila hoja ninayoijenga inaanguka. Fomu ile itabadilisha neno moja tu: "inafanya kazi" itakuwa "haifanyi kazi". Huko Dodoma utaliona badiliko hilo, pengine wewe mwenyewe ndiye utakayelipitisha, na jedwali litakuwa sahihi. Lakini hakuna safu ya kuandika kwamba chini ya mstari huu kuna mzee alisingiziwa. Wala siwalaumu wenzako. Hata mimi nisingejua kuiweka wapi. Nawalaumu kwa mengine, nitawaandikia.

Sikuambii haya ili uache kuamini kazi yako. Ole wako uache! Fungueni kila kabati, mchapishe mpaka wino uishe nchini. Siku nikisikia mmeanza tena kusema mhusika yuko semina, nitapanda basi mwenyewe nije. Ninachojua kwa kuumia ni kidogo sana: nilikuwa naulizia karatasi kwa watu wote, na sikuwahi kuiuliza karatasi ilikaa wapi ilipokuwa inaandikwa. Na jambo la pili, hili ni la kwako zaidi kuliko langu: watakapokutuma vijijini, utakutana na wanawake kama mimi. Wema, wenye majibu, sufuria likiwa jikoni. Kula. Usiwatukane kwa kukataa. Lakini kula ukiwa umesharudi kutoka kisimani.

Mkutano wa kijiji ni kesho. Umeitwa saa mbili, maana yake saa tatu, ndiyo saa ambayo basi lako linaondoka Ushirombo. Nilimwambia mwenyekiti nina jambo, akataka kuliweka mwisho kwenye mengineyo. Nikamwambia aliweke kwanza, kabla sijabadili mawazo. Kwa hiyo sitakuja stendi. Ningeweza kukimbia nikakuona kisha nikarudi, bodaboda zipo. Lakini najijua. Nikifika pale nitapata sababu ya kukusindikiza mpaka Masumbwe, na Masumbwe nitapata sababu ya kufika Kahama, na jioni nitakuwa na wewe Dodoma nikikukagulia chumba, huku mzee wa watu amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa kofia yake nzuri, ananisubiri.

Nimeandika hotuba mara saba. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, na kufikia ukurasa wa pili kosa lilikuwa limeshakuwa la wizara. Ya tano ilimlaumu jogoo. Ya saba ni hii: Mzee Shija hakuiba. Nilimsingizia. Ile taarifa niliitoa mimi, nikiwa nimekaa, kuhusu kisima nisichokiona. Naomba radhi mbele yenu. Basi. Nimeijaribu kwa sauti hapa dukani. Inachukua muda mfupi kuliko kupiga kopi moja.

Mwambie shangazi yako akutafutie siti ya dirishani, upande wa kushoto. Basi likishaondoka Ushirombo litapita kijijini kwetu, kando ya uwanja wa mkutano, na dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya lile tuta. Ukiona watu wamekaa kwenye nyasi, wametulia, na mwanamke mmoja amesimama katikati yao anatafuta pa kuanzia, usimwite wala usimpungie, atapata kisingizio. Mtazame tu mpaka basi lipite.

Nakupenda kuliko kushinda ubishi, na unajua hilo kwangu ni nini.

Mama